Gogo la Mkulo

Kila mvua za vuli zilipoanza, mdogo wangu alipanda msitu ulio juu ya kijiji chetu cha Bombo na kurudi na uyoga wa njano uliofungwa kwenye jani la mgomba. Alipitia kwetu kwanza. Mke wangu aliufungua, akaunusa amefumba macho, akasema, "Shemeji, Mungu akuweke." Sikumbuki kumletea kitu akakinusa hivyo.

Uyoga ule huota tu kwenye magogo ya mkulo yaliyoozea kivulini, na mikulo imekwisha kwa wapasua mbao. Siku hizi hata magogo yaliyobaki yanabebwa kuni, na mashamba ya tangawizi yanazidi kupanda mlima. Mdogo wangu aliukata uyoga juu tu, akaacha shina, akafunika gogo kwa majani, wala hakumwambia mtu mahali lilipo. Nilipomuuliza alicheka.

"Kaka, wewe ndiye uliyefika kidato cha nne. Tafuta kwenye vitabu."

Mwaka juzi nilimfuata kwa siri, nikaliona gogo. Nilitaka uyoga uote nyumbani kwangu, mke wangu asimngoje mtu. Sisi huku kila kitu tunahamisha: machipukizi ya migomba, magimbi, hata maji tunayazungusha mlima kwa mfereji. Nikadhani na uyoga ni hivyo hivyo. Mdogo wangu aliposhuka Same kwa matibabu, nililikata gogo vipande, nikavibeba, nikavilaza chini ya migomba yangu na kuvimwagilia kila jioni.

Hakikuota kitu. Vilikauka, mchwa wakaingia.

Vuli iliyofuata alikuja mikono mitupu, akaenda moja kwa moja migombani. Alikuwa ameona unga wa msumeno kule msituni, na aliyewahi kumuuliza mahali ni mimi tu. Akachuchumaa, akageuza kipande kimoja, kikamvunjikia mkononi.

"Ungesema, ningekuletea zaidi."

"Sikutaka kuletewa," nilimjibu.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na sufuria. "Shemeji, ndiyo uyoga umekwisha?"

"Limebaki gogo moja, jirani na tangawizi. Wakifyeka pale, basi." Akanitupia jicho. "Nitakuonyesha wewe, shemeji, tukalifunike. Huyu abaki."

Kosa lilikuwa langu, sikubisha. Walipanda wawili asubuhi ile ile. Nilibaki jikoni namenya ndizi, nikisikia kicheko cha mke wangu kikizidi kwenda juu, mpaka msitu ukakimeza.