Bakuli la Nyama la Bwana Hamanaka

Bwana Shigemitsu Hamanaka alistaafu mwezi wa Machi baada ya miaka thelathini na minane katika kiwanda cha pampu mjini Takasaki, kumi na miwili ya mwisho akiwa mkuu wa idara ya ununuzi. Siku ya kuagwa alipewa shada la maua, watu wakampigia makofi mpaka mlango wa lifti ukajifunga. Sasa ilikuwa Novemba, na tangu siku ile hakuna kiumbe aliyemwambia kuwa amefanya vizuri jambo lolote. Kazini hata mizaha yake mibovu ilichekewa na watu kumi na wanne. Mtoto wao Chinami alishahama, nyumbani alikuwa na mkewe tu, Fusae, naye Fusae hakuwa chini ya idara ya ununuzi.

Sifa, jamani, ni kama chumvi: aliyeizoea akinyimwa huona dunia nzima chapwa. Ndipo Bwana Hamanaka akaamua kwenda kuitafuta jikoni. Angempikia mkewe bakuli la wali na nyama ya ng'ombe, chakula alichokila karibu kila mchana wa kazi kwenye mkahawa wa jirani na stesheni, ambako huletwa kabla mteja hajakaa sawasawa. Kitu kinachotoka haraka hivyo kitakuwa na ugumu gani? Fusae akisema neno moja tu, "tamu," lingemtosha hadi mwaka mpya.

"Jumamosi mchana napika mimi," alitangaza.

Fusae alikuwa anakunja nguo. "Unapikia wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni humu?"

"Mpango ninao, Mama Chinami. Wewe utakaa tu."

"Haya, Baba Chinami. Kukaa nitajifunza."

Mpango ulikuwa kurasa mbili, umegawanywa kwa dakika tano tano, na chini yake amegonga muhuri wake mwekundu. Pembeni aliacha nafasi ya muhuri wa mkubwa wake, kwa mazoea.

Jumamosi ilipofika alijifunga aproni ya mkewe. Fusae akakaa kwenye kiti cha mumewe na kufungua gazeti la mumewe. Nyama ilikuwa imeshakatwa dukani, nyembamba kama karatasi. Vitunguu alivikata mwenyewe kwa kupima na rula, milimita saba kila kipande, machozi yakimtiririka kwa ajili ya usahihi.

"Mama Chinami, sukari iko wapi?"

"Kopo la bluu."

"Na mvinyo wa kupikia?"

"Nyuma ya siki."

"Sufuria pana je?"

"Kabati la chini kabisa. Inama."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana Hamanaka alikuwa amewainamia wakurugenzi maisha yake yote, lakini kabati la jikoni hajapata kuliinamia, na magoti yakalia. Alichemsha vitunguu katika supu ya samaki mkavu, sosi ya soya, mvinyo na sukari, kisha akatia nyama. Jasho lilimtoka kuliko siku ya ukaguzi.

"Punguza moto," Fusae alisema bila kuinua macho.

"Nilikuwa nataka kupunguza."

"Na hilo povu, litoe."

"Mpango hausemi habari ya povu."

"Mpango haujaliona."

Akalitoa. Kisha akafunua jungu la umeme, akakuta wali mweupe unafuka mvuke. Katika kurasa zake mbili hakuandika mstari hata mmoja juu ya wali, maana yeye alijua wali huwa upo ndani ya jungu, kama maji yalivyomo bombani. Kwamba Fusae aliuosha mchele asubuhi, na alipopita nyuma ya mumewe kwenda kukaa akabonyeza kitufe, hilo hakuliona.

"Jungu hili hodari," alisema, akalipigapiga kulipongeza.

Akapakua wali, akamwagia nyama na mchuzi wake, akaweka tangawizi nyekundu pembeni na yai bichi juu, kama wafanyavyo mkahawani. Tusimnyime haki yake: kilikuwa chakula kizuri. Fusae akakutanisha viganja, kama ilivyo desturi kabla ya kula, akashika vijiti, akaanza kula huku gazeti likiwa wazi kando.

Bwana Hamanaka hakugusa bakuli lake. Alimtazama mkewe mdomoni. Akakohoa.

"Vitunguu ni milimita saba," alisema.

"Mm," Fusae alijibu, akasoma habari za hali ya hewa.

Akala mpaka punje ya mwisho. Akaweka vijiti chini. Bwana Hamanaka akasogea mbele, moyo ukimdunda kama siku za kutangazwa vyeo.

"Chai," Fusae alisema.

Alifungua kinywa alalamike, kikabaki wazi. Neno lile alilijua. Aliijua sauti yake, hata namna ya kulisema macho yakiwa gazetini. Lilikuwa lake. Kwa miaka arobaini na mmoja ya ndoa amelitia mwisho wa kila mlo, huku akiamini kwamba mkewe anaelewa maana yake ni shukrani. Wala Fusae hakuwa na hasira, wala hakuwa anamkomoa. Alikuwa anakula tu jinsi watu wanavyokula katika nyumba ile. Hapo ndipo palipomuuma. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akainuka. Akafungua kabati la kwanza, akafungua la pili, akasimama.

"Mama Chinami," aliita kwa sauti ndogo, "majani ya chai yanakaa wapi?"