CDI yenye alama ya rangi ya kucha

Mtu akiwa na msiba humnyimi pikipiki, ndiyo maana jana nilimwazima Samweli yangu.

Samweli ni jirani yangu hapa Soweto, bodaboda mwenzangu. Yake ilikuwa haiwaki wiki nzima. Kafiwa na shangazi, ningekataaje?

Usiku akairudisha. Leo asubuhi napiga kiki. Kimya.

Honi inalia, taa zinawaka, fyuzi nzima. Nikaweka plagi mpya, bado haitoi moto.

Samweli akaja. Hata waya hajagusa.

"Kaka, hiyo ni CDI. Kanunue nyingine tu."

Nikamwambia asante. Jamani, nilimwambia asante.

Akapanda yake, kiki moja ikawaka, huyo akaondoka.

Hapo ndipo nikafungua kiti, nikachomoa CDI, kile kiboksi kinachopeleka moto kwenye plagi.

Kina doa jekundu la rangi ya kucha.

Kijiwe kizima tunajua alama hiyo ya nani. Samweli anaiweka kwenye spea zake zote, anaogopa kuibiwa.

Mchana tunamzika shangazi yake. Jeneza tumepangwa kulibeba mbele, mimi na yeye.

Nyie mngemwambia kabla ya kuzika, au baada?