Picha ya Bosi Niliyoitoa Rangi

Jamani, hili nalisema nimejifunika uso kwa khanga, na msinicheke kabla sijamaliza, maana mimi Mama Faraja ndiye niliyemuua bosi wangu mchana kweupe huku tumepanda naye pikipiki moja.

Ofisi yetu iko Mkomaindo, Masasi, tunatengeneza tovuti na nembo za biashara, na viongozi tuko watatu (wafanyakazi hatuna, msiniulize tunamwongoza nani): Baba Nasra mkurugenzi, Mwanahamisi wa kutafuta wateja, na mimi msanifu. Asubuhi hiyo nilikuwa namalizia ukurasa wetu wa "Uongozi". Baba Nasra alipigwa picha na shati la njano mbele ya ukuta wa njano, na uso wenyewe ukatoka wa njano kama ana homa, nikasema ah, ngoja niitoe rangi, iwe nyeusi na nyeupe, ya kiutu uzima. Ikapendeza! Chini nikaweka jina lake kamili na kaulimbiu yetu, "Alama Isiyofutika", nikairusha hewani. Mwanahamisi akatuma kiungo kwenye makundi yote ya WhatsApp, hadi la ukoo wa Baba Nasra kule Mnyambe, na mnajua kiungo kikitumwa pale, watu wanaona picha na maneno mawili matatu tu, hakuna anayefungua.

Mimi na Baba Nasra tukapanda pikipiki kwenda kwa mteja Newala. Simu yake imekufa chaji, yangu nimeizima nisije nikakosa chaji ya kupigia picha za kazi. Kumbe huko watu wanapiga, hapatikani, wanapiga tena, hapatikani.

Njiani akasema, "Tupitie Mnyambe nimwone mama, presha imemsumbua wiki hii."

Tunafika, uwanja kati ya kwao na kwa jirani umejaa! Wanawake wanalia, wanaume wameshika majembe. Baba Nasra, ambaye hakosi msiba wa mtu, akadhani ni wa jirani, akaegesha pikipiki pembeni kwa adabu, akamfuata mzee mmoja aliyetupa mgongo.

"Shikamoo mzee. Poleni sana. Kaburi linachimbwa wapi, nikasaidie?"

Mzee akageuka. Jembe likamdondoka.

"Kaburi ni lako!" akapiga ukelele, akakimbia, na wengine nyuma yake, mtu kaacha kiatu.

Hapo nikamwona binti mmoja na simu, na kwenye simu ile picha niliyoitoa rangi, jina chini yake, wameifanya tangazo la msiba. Mtume wangu! Ndani kwao mama yake kalazwa mkekani, wanampepea, hasemi na mtu tangu apate habari. Baba Nasra akapiga magoti, "Mama, ni mimi." Mama akamshika uso, akamshika masikio, akamshika vidole kimoja kimoja, na mimi niko mlangoni, nikijua huyu mama presha ikimpanda sasa hivi nitakuwa nimeua kweli, wala si kwa picha.

Akashusha pumzi. Akaketi.

"Nani alimtoa rangi mwanangu?"

Baba Nasra akaniangalia. Na mdomo wangu wote huu mnaoujua, nilichopata ni, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

Nimeapa, sitoi mtu rangi tena hadi naingia kaburini. Baba Nasra karudi kwenye tovuti na unjano wake, meno yote nje. Nami kila nikipita Mnyambe nampelekea mama sukari, napiga goti, natoa shikamoo yangu.

Sukari anapokea.