Muosha Maiti wa Mkunazini

Muosha maiti wa Mkunazini hakuwa na haraka na maiti yeyote. Alipandisha kanzu hadi magotini, akapima vuguvugu la maji kwa kiwiko kama mama anayeogesha mtoto, na kila alipotaka kumgeuza marehemu alimwambia kwanza. "Nakugeuza, Machano," alisema siku ile, kwa sauti ya chini iliyochakaa. Ulikuwa mwaka wa sita tangu Mapinduzi, na Machano alikuwa wa tatu mwaka huo kuzidisha kasumba, afyuni ile, akalala asiamke. Simai, aliyekuwa akila kasumba pamoja naye, alisimama pembeni akitetemeka. Jirani mmoja aliyeegemea mlango alisema, "Fanya upesi, Mzee. Mla kasumba tu huyo." Mzee akaiweka chini kata ya kumiminia maji. "Huyu ni Machano, fundi seremala. Mlango huo unaouegemea kauchonga yeye." Jirani akasimama wima.

Kisha mzee akamgeukia Simai. "Shika kata, mmiminie mwenzako."

"Kwa mikono yangu hii, Mzee?"

"Hiyo hiyo. Yatakayomwagika yamwagike."

Simai alimimina huku akilia, nusu ya maji ikienda sakafuni. Walipomaliza, mzee aliketi akashusha pumzi ndefu. "Nshachoka, mwanangu. Wewe sitaki kukuosha. Njoo ukae kwangu hata kasumba ikutoke."

Simai alikwenda. Alitapika siku nne ukumbini kwa mzee, na kila alipofumbua macho alimkuta kaketi kando yake, anasinzia. Siku ya tano aliomba uji.