Mama yake Kuka Alikuwa wa Hapa

Juzi jirani yangu aliozesha binti, na tangu alfajiri nyumba yao ilifuka udi. Nilikuwa nimeshika kikapu, naenda sokoni. Nikasimama pale kwenye ngazi kama mtu aliyeitwa jina. Si kwamba nilikulia katika harufu hiyo. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, na kwetu Kawangware nyumba ilinuka moshi wa makaa, sabuni ya mche na saruji iliyoganda kwenye suruali za Baba. Udi niliunusa mara chache tu utotoni, zote katika mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne. Lakini ziko harufu zinazoingia kwa mtu kama mgeni, zikakaa kama mwenye nyumba.

Mwaka huo Kuka alikuja Nairobi kutibiwa kifua. Kuka ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu, na huyu wangu, mzee Wafula, alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kikohozi kilichomtangulia popote alipokwenda. Kwa desturi zetu baba mkwe halali chumba kimoja na mke wa mwanawe, wala hawapeani mkono, wala hawaketi karibu. Sasa chumba chetu kilikuwa kimoja. Baba, aliyekuwa mwashi, akampangishia mzee chumba kilichopakana na chetu, ukuta wa udongo ukiwa katikati, na mimi nikawa daraja.

"Nasimiyu," Mama angesema akiwa jikoni, "muulize Kuka kama uji umepoa."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ingepenya ukutani: "Mwambie mama yako umepoa vizuri."

Nami ningegeuka kwa heshima zote na kusema, "Mama, Kuka anasema umepoa vizuri." Wote watatu tulilichukulia jambo hili kwa uzito kabisa.

Jioni nilipompelekea chakula, Kuka alinifundisha ukoo. Alisema mtu asiyejua baba zake ni kama mbuzi wa sokoni: yeyote aliyeshika kamba ndiye mwenyewe. Basi ningesimama mbele ya kitanda chake mikono nyuma, kama niko mbele ya mwalimu mkuu, na kuanza: Nasimiyu wa Barasa, Barasa wa Wafula, Wafula wa Wekesa, Wekesa wa Makokha, tukapanda hivyo hadi kwa mtu mmoja wa zamani sana ambaye habari yake pekee iliyobaki duniani ni kwamba alipenda ugomvi.

Siku moja nilimaliza kuyataja, nikamwuliza, "Kuka, hawa wote ni wanaume. Nani aliwazaa?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nilipoona amefurahi, nikaongeza, "Na wewe nani alikuzaa?"

Kicheko kilikatika. Alitazama sahani yake, akaisukuma kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Alikuwa wa hapa."

Nilidhani "hapa" ni Kawangware. Nilirudi upande wetu nikijiuliza ni mama gani mzee kati ya wale wa pale bombani.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Kuka alimwita Baba, wakaketi kwenye viti vya miguu mitatu nje ya mlango wake. Mama alikuwa ndani anachambua mchele, lakini mikono yake haikusogea. Mimi nilikuwa mlangoni. Hivyo niliyasikia yote.

Baba yake Kuka, yule Wekesa niliyekuwa namtaja kila jioni, alikuja Nairobi ujana wake kutafuta kibarua, kabla ya ile vita ya kwanza ya Wazungu. Alipata kazi ya kukata kuni Kibera, kwa Wanubi, wale askari wa zamani waliotoka Sudan na kupewa msitu ule wakae. Mzee mmoja wao aliitwa Marjani, naye alikuwa na binti, Hawa. Hawa na Wekesa wakapendana, mtoto akazaliwa. Mzee Marjani akasema binti yake haolewi na mtu asiyeswali. Wekesa naye akasema mwanawe halelewi kwenye boma ambalo baba yake haruhusiwi kuingia. Mtoto alipoanza kukimbia, Wekesa alimbeba mabegani asubuhi moja, Hawa akiwa mtoni, akaenda naye kwao magharibi. Akaoa mke mwingine. Na mtoto alipokua na kuuliza, akaambiwa: mama yako alikutupa.

"Mimi ndiye mtoto huyo," Kuka alisema. "Nataka kwenda Kibera kabla sijafa. Nataka kumwuliza mtu yeyote aliyebaki kwa nini nilitupwa."

Baba alimtazama. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Baba, maneno haya yaishie hapa," alisema. "Unajua ndugu zako wanavyoliangalia lile shamba letu la nyumbani. Wakisikia umekiri kwa mdomo wako kwamba wewe ni mtoto wa Mnubi, watatufukuza. Mimi na watoto wangu tutaenda wapi?"

"Wameniita Mnubi tangu nikichunga mbuzi. Wao wanajua, Barasa. Wewe tu ndiye hukujua."

Kweli, nyumbani mashambani nilikuwa nimewasikia wazee wakimwita hivyo. Nilidhani ni kwa sababu ya weusi wake.

Baba aliinuka. "Sitaki kusikia," akasema, akaingia ndani na kufungua Biblia, akaikazia macho asigeuze ukurasa.

Siku kadhaa zikapita. Kuka alikuwa anakula kidogo. Jumamosi, Baba alipokwisha kwenda mjengoni, Mama alifunga kitambaa kichwani, akavaa rinda lake la kanisa, akaniambia, "Mwambie Kuka wako avae viatu."

Nilipoingia kwake, tayari alikuwa anafunga kamba.

Tulipanda basi kipande cha njia, kisha tukaenda kwa miguu. Mama alitangulia mbali kidogo, Kuka akifuata nyuma na fimbo, mimi katikati, ili desturi isivunjike. Nilipeleka maneno mbele na nyuma: mwambie apumzike, mwambie sijachoka, mwambie anadanganya. Kibera wakati ule ilikuwa bado na nafasi. Huko chini Mashimoni tayari vyumba vya kupanga vilikuwa vimebanana, lakini upande wa Wanubi palikuwa na maboma yenye mihindi, mipera, na nyumba za udongo zenye baraza pana zilizofagiliwa vizuri. Kuka aliulizia boma la mzee Marjani. Vijana hawakulijua. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alitutazama mmoja mmoja, akanyoosha mkono: "Marjani alikufa zamani. Kamuulizeni Zainabu, yule pale."

Zainabu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, ameketi barazani anasuka kawa ya kufunikia chakula, ukindu mwekundu na wa zambarau umemzunguka. Ndani ya nyumba udi ulikuwa ukiwaka, moshi wake ukitoka mlangoni taratibu.

"Karibuni," alisema, ingawa macho yake yaliuliza.

Kuka hakukaa. "Namtafuta Hawa binti Marjani."

"Hawa ni mama yangu. Wewe ni nani unayemuulizia?"

"Mimi ni mwanawe."

Yule mama aliweka ukindu chini. Hakukasirika. Alisema polepole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa, "Mzee wangu, umekosea nyumba. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Faraji. Alikufa kwa ndui, mdogo kabisa, huko magharibi. Babu Marjani alipata habari. Tumemsomea hitima kila mwaka, hata mimi ambaye sikumwona. Mama alikuwa anapika, anawaita watoto wa mtaa wale kwa jina lake."

Kuka alishika nguzo ya baraza. Hapo Zainabu akakiona kile kidole. Kidole cha mwisho cha Kuka kilipinda kuelekea ndani, kama mundu mdogo. Baba anacho, nami ninacho. Darasani walinicheka kwacho. Zainabu aliinua mkono wake mwenyewe akauweka kwenye nguzo, kando ya ule wa Kuka. Vidole viwili vilipinda sawasawa.

"Ya Rabi," alisema. "Faraji?"

Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akilia wazi mchana. Kuka aliteleza chini kwenye ile nguzo, akaketi sakafuni, fimbo ikamtoka. Zainabu alimshika kichwa akakiegemeza begani mwake, na Mama, ambaye kwa desturi hakupaswa kumsogelea, alisogea akamwokotea fimbo, akakaa hapo hapo karibu naye.

"Hakukutupa," Zainabu alirudia. "Nani alikwambia alikutupa? Alirudi kutoka mtoni akakuta kitanda kitupu. Alitembea hadi stesheni bila viatu. Babu ndiye aliyemwambia umekufa, ili aache kutembea."

"Yuko wapi?"

Alituonyesha kwa mkono, makaburini. Alikuwa amekufa muda mfupi kabla ya uhuru.

Tulikaa siku nzima. Tulikula gurusa, mkate mwembamba kama karatasi, na mchuzi wa bamia. Mimi nilifurahi sana, nawaambia kweli. Nilikuwa nimepata nyanya mwenye udi, na jina jipya la kutia katika orodha yangu. Njiani kurudi niliimba: Wafula wa Hawa, Hawa wa Marjani! Kuka hakunisahihisha wala hakunisifu.

Baba alijua siku hiyo hiyo, maana mimi ndiye niliyemwambia, nikidhani ni habari njema. Hakutupigia kelele. Alimwambia Mama tu, "Umenivunjia nyumba," akatoka.

Tangu hapo Bi Zainabu alikuwa akija Kawangware kila Ijumaa alasiri, akiwa na chakula ndani ya kikapu. Kila Ijumaa Baba alikuwa na shughuli kanisani. Kuka alikuwa amedhoofika, hakutoka tena kitandani. Mazungumzo yao yalikuwa yale yale, nami niliyasikia nikiwa nimeketi mlangoni na daftari la hesabu.

"Alikuwa anauza njugu, si ulisema?" Kuka angeuliza.

"Ndiyo, kaka. Njugu za kukaanga. Karibu na stesheni, asubuhi watu wakienda kazini. Miaka mingi, hata vita ya pili ikaisha bado anauza."

"Alijitanda nguo ya rangi gani?"

"Nyeupe. Wakati mwingine ya manjano."

"Alikuwa anasema na wateja? Au alikuwa ananyamaza?"

"Alikuwa anawaombea dua vijana. Kila kijana anayenunua, anamwambia Mungu akurudishe kwa mamako salama."

Kuka angefumba macho. Baada ya kitambo angeanza tena: alikaa upande gani wa reli? Alikuwa na makovu usoni? Bi Zainabu alijibu kila mara kama hajawahi kuulizwa. Mimi nilichoka. Nilidhani mzee amekuwa kama mtoto anayetaka hadithi moja isimuliwe bila kuisha.

Alifariki asubuhi moja ya mvua, kabla mwaka haujaisha. Watu wa kanisa walikuja, lori likakodiwa kupeleka jeneza nyumbani magharibi. Bi Zainabu alifika wakati watu wanapanda. Alimwomba Baba nafasi. Baba alimtazama akiwa na macho mekundu, akasema, "Shangazi, lori limejaa."

Halikuwa limejaa. Lakini nilisikia neno "shangazi", na yeye pia alilisikia, maana aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa kitu. Akaenda nyuma ya lori, akaweka kiganja juu ya mbao za jeneza, akasoma kimyakimya. Mama alimshika mkono. Bi Zainabu akamwambia, "Tulimlilia miaka yote hiyo akiwa hai. Wacha leo nimlilie akiwa amekufa kweli."

Lori liliondoka. Kule nyumbani, ndugu za Kuka walisimama kaburini wakamsifu kwa majina ya wanaume wote niliyoyajua. Baba alisimama katikati yao ameficha mikono mifukoni, na shamba halikuguswa. Kwa muda mrefu nilimwona mkatili. Siku hizi, nami nina watoto na kipande cha ardhi, najua alikuwa anaogopa tu, na hofu ilimnyima hata nafasi ya kumzika baba yake kwa pande zake zote mbili.

Lakini si hilo ninalotaka kuwaachia. Miaka mingi baadaye, Mama akiwa mzee, tulikuwa tunakaanga njugu, mimi na yeye, kwa ajili ya wageni. Akaniuliza kama nilijua kwamba Kuka aliwahi kufanya kazi Nairobi kabla mimi sijazaliwa. Sikujua. Alikuwa kibarua kwenye ujenzi, alisema, baada ya vita ya pili, akilala kwenye kambi ya wafanyakazi huko Kibera. Alikataa kabisa kumtafuta mwanamke aliyemtupa. Kila asubuhi alipita stesheni kwenda kazini, na kila asubuhi alinunua njugu kwa wale akina mama waliopanga vikapu vyao kandokando ya reli. Walikuwa wengi, na hakuwahi kumtazama hata mmoja usoni.

Nilizima moto. Nilielewa hapo, nikiwa mwanamke mzima, kwamba mzee hakuwa anataka hadithi. Alikuwa amelala pale Ijumaa baada ya Ijumaa, akipita tena polepole mbele ya vikapu vile, kimoja kimoja, akijaribu kukumbuka uso.