Jina la Baba Upande wa Pili

Nakumbuka siku moja sokoni Ariwara, mwanangu, lori la kurudi Bunia likipiga honi, nami nimeshika santuri mkononi. Mama ndiye aliyenituma. Baba yetu Kasereka alikuwa amefariki, na enzi za uhai wake mwimbaji mmoja alimtupia libanga, yaani alimwita kwa jina katikati ya wimbo, kama wanamuziki wetu wanavyowaita wanaowafadhili. Mama alitaka kulisikia jina hilo tena, basi.

Santuri yenyewe ilikuwa imetolewa upya, jalada linang'aa. Niliogopa mtu mwingine asije akainyakua. Lakini muuzaji, muzee Yusufu, alikataa kunifungia.

"Weye kijana, picha haiwezi kuimba. Sikiya kwanza, mupaka mwisho."

Honi ikalia tena. Akaiweka kwenye gramafoni taratibu, kwa makusudi nadhani. Zamani wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, na majina yaliitwa upande wa pili, gitaa zinapochangamka. Tukageuza. Huko tukakuta wimbo mwingine kabisa.

"Unaona? Jina ya papa yako haiko."

Lori likaondoka. Nililala Ariwara na hofu ya kumrudia Mama mikono mitupu. Asubuhi muzee akaniletea santuri ya toleo la kwanza la wimbo huo kutoka nyumbani kwake, imechubuka, haina hata jalada. Mama aliisikiliza miaka mingi, akilia na kucheka, mpaka vita vikatukimbiza tukaiacha.

Sasa unaniambia kuna kasha la santuri dukani mtaa wa Nyakasanza, nyimbo zote za okestra ya mwimbaji yule zimetolewa upya, nawe unataka kuninunulia. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na sisi wa Ituri, kwenye machimbo ya dhahabu, tunalijua hilo kuliko wengi. Wanaotoa upya hupenda kufupisha, na huanza kwa kukata majina ya watu wasiowajua.

Nenda, mwanangu, ila usidanganywe na kasha. Mwombe muuzaji aupige wimbo ule, usimame hapo mpaka gitaa zichangamke, hata akikununia. Ukisikia "Kasereka wa Bunia", lichukue hata kama limepasuka. Usiposikia, rudi tu. Utanikuta mlangoni, wala sitakulaumu. Mungu akupe masikio yenye subira, na jina lako lije kuitwa na mtu ambaye hukumpa kitu.