Mlima wa Japani Ukutani Kigera

Miaka ile ya uhaba, Kigera ilinuka dagaa waliokaushwa juu ya mawe, na jasho la watu waliooga maji matupu. Ukutani mwa sebule yetu palining'inia picha ya mlima wa zambarau, theluji kileleni, na chini yake ziwa lililopauka kama letu alfajiri. Tuliachiwa na Mjapani fundi wa injini za mitumbwi, ambaye mama alimpikia hadi alipomaliza kazi yake. Ndiye aliyenieleza kwamba picha ile haikuchorwa kwa brashi. Ilichongwa kwenye vibao, kila rangi na kibao chake, kisha karatasi ikakandamizwa juu ya kimoja baada ya kingine. Nilikuwa na miaka minane, na darasa zima hakuna aliyejua jambo hilo ila mimi. Nisichokijua ni kwamba nyuma ya picha udongo wa ukuta ulikuwa umemomonyoka, na ndani ya tundu hilo mama alikuwa ameficha miche minne ya sabuni kutoka Kenya.

Jumamosi moja adhuhuri wakaingia mgambo watatu, wakitafuta bidhaa za magendo. Walimwaga unga wa muhogo, wakapindua godoro, wakachungulia hadi kwenye mtungi. Mama alisimama kando ya picha, mikono ameikunja kifuani. Hawakupata kitu. Mkubwa wao alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama.

"Mama Nyangeta, hii picha ni ya wapi?"

"Kilimanjaro," mama akajibu upesi.

"Eee, ninauonaga kwenye kalenda."

Nikanyoosha kidole kama darasani. "Si Kilimanjaro! Ni Japani. Hata mama anajua."

Yule bwana akageuka taratibu. "Kumbe! Sasa mama yako anatudanganya kwa nini?" Akaishika picha kwa pembe, akaivuta. Mche wa kwanza ukaanguka sakafuni.

Ulimi huponza kichwa, walisema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mama. Alikaa mahabusu siku tisa. Aliporudi, amekonda, nilijificha nyuma ya nyumba. Akanifuata, akaketi chini kando yangu, akaanza kunisuka nywele. Picha hatukuiona tena.

Leo maduka ya Mwisenge yamejaa sabuni za kila rangi, na wajukuu humcheka bibi yao aliyefungwa kwa sabuni. Mama hucheka nao. "Yule mgambo alikuwa na macho makali," huwaambia. "Aliishuku picha mwenyewe." Akifika hapo hanitazami, nami sijawahi kumsahihisha.